Aliyeongeza Sauti

Saa nane na dakika ishirini mchana, Ijumaa, Shetani amekosea mstari kwa mara ya tatu, safari hii amemeza neno la mwisho pamoja na peremende, na mtayarishaji wa mchezo wetu wa redio ameinamia kipaza sauti cha upande wetu wa kioo akasema, "Pipa, Shetani hali peremende, itoe hiyo kitu mdomoni," naye kule ndani anacheka mpaka shati linatikisika, anasema, "Bosi, koo langu ndilo mtaji wangu, likikauka mtaigiza na kuku," na mimi narudisha rekodi mwanzo, mkono unafanya wenyewe, tangu Jumatano mikono yangu inafanya kazi bila kuniuliza, asubuhi imenivisha nguo, imefunga mlango, imeniletea chai ambayo sasa imepoa na kuweka utando juu, na mimi niko pembeni naitazama kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi... simu iko karibu na kikombe, imelala kifudifudi, nimeilaza hivyo ili nisiuone ujumbe wa mama, lakini ujumbe nimeshausoma, Mwanangu usipeleke hiyo sauti, tumeshamaliza kifamilia, yule si yeye, ni Shetani alimwingia, mama mkwe wa mdogo wako alisikia kwa masikio yake, halafu chini kabisa, peke yake, Jibu, kama zamani alivyokuwa akisimama mlangoni na mwiko mkononi, Jibu, "Fundi, uko tayari?" niko tayari, taa nyekundu imewaka, Pipa anavuta pumzi, "Mimi sina mikono," anasema, "nilinong'ona tu, mikono ni..." na kiti kinalia chini yake, mtayarishaji anajishika kichwa, "Huyo Shetani akapimwe uzito," rudia, nami narudia.

Yaliyothibitishwa ni haya, ndivyo tulivyofundishwa nilipoanza chumba cha habari kabla sijahamia mitambo, tenganisha lililoonekana na lililosemwa, na la kusemwa uliza limesemwa na nani na alikuwa amesimama wapi: mdogo wangu yuko wodini, taya limevunjika, daktari amelifunga kwa waya, haongei na hataongea kwa wiki kadhaa, mumewe, shemeji yangu, fundi wa mafriji, mtu wa kuvua viatu mlangoni hata akiambiwa pita tu shemeji, yuko mahabusu, na mpelelezi, mwanamke mwenye sauti ya mafua, aliniambia jana kwa simu, "Dada, mgonjwa hawezi kusema, familia zote mbili zimekuja hapa zimeniambia yameisha, nikifika jioni ya kesho sina kitu mkononi namwachia, na yule dada wakimruhusu hospitali atarudi nyumba ile ile, sasa kama hiyo rekodi unayo kweli nitumie, nitumie kama ilivyo," na jioni ya kesho ndiyo leo, na rekodi ninayo, mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyenitumia bila kukusudia, alikuwa ananiachia ujumbe wa sauti kuhusu pasi, "Dada wee, ile pasi yangu imepata uraia huko kwako au vipi, mume wangu anavaa mashati kama ramani," anacheka, halafu mlango, halafu, "Unaongea na nani?" halafu, "Na dada," halafu, "Leta simu," na simu inaangukia kitu laini, godoro nadhani, na inaendelea kurekodi mpaka ikanifikia, ilijituma au kidole cha mtu kiliigusa, hilo halijathibitishwa... na shemeji hapigi kelele, hapo ndipo ganzi yangu ilipoanzia, si kwenye vishindo, vishindo nilivitegemea, ni pale anaposema, "Njoo hapa, nimesema njoo hapa," kwa sauti ile ile anayomwambia mteja kwamba gesi imeisha na kompresa haifai, sauti ya mtu aliye kazini, na mimi kazi yangu ni sauti, nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta mahali inapobadilika, inaposhuka, inapokuwa ya mtu mwingine, haibadiliki, na Shetani najua anavyotengenezwa, ninamtengeneza mimi, nachukua sauti ya Pipa, naishusha, naivuta iwe nzito, halafu nyuma yake naweka nakala yake mwenyewe iliyochelewa kidogo, ili kila neno liwe na kivuli, zamani kabla ya mitambo hii alikuwa anainamisha kichwa ndani ya pipa tupu la maji na kuongea humo, jina lilitoka huko, na mkewe hadi leo huita kutoka jikoni, "Shetani, njoo ule," na watoto wa jirani hukimbia, na yeye hucheka, hajawahi kumwinulia mtu mkono huyu, hata nzi humfukuza kwa kumsemesha.

"Fundi, wewe unaamini yupo?" ni yeye, anauliza akiwa anajipangusa jasho, na kwa kuwa sijaondoa mtambo swali linanifikia na sauti ya yule mwingine, zito, lenye kivuli, "yupo... yupo," namwambia sijui, mtayarishaji anadakia, "Hayupo, Pipa, ni jina tu tumelibuni ili tusitaje majina yetu, mtu akifanya ujinga wake anasema Shetani kanipitia, mbona akifanya wema hasemi malaika kanipitia, hapo anataka apongezwe yeye," na Pipa anatikisa kichwa, "Bosi, mimi namheshimu, ndiyo maana namwigiza kwa adabu, huwezi kumwigiza mtu ambaye hayupo miaka yote hii na kodi ikalipika," wanacheka, mdomo wangu nao umecheka, nimeuona kwenye kioo... na kama angekuwa mtu mwingine aliyesema alimsikia, jirani wa maneno mengi, mlevi, ningeshapeleka rekodi jana, lakini aliyesema ni mama mkwe wa mdogo wangu, mwanamke asiyedanganya hata umri wake, alikuja kukaa kwao wiki hii, alikaa mbele ya mama yangu na wajomba akasema, "Mimi nilikuwepo, nilikuwa sebuleni, nilimsikia Shetani kwa masikio yangu haya mawili, ananguruma ndani ya nyumba ile, haikuwa sauti ya mwanangu, niapisheni," na machozi yalikuwa ya kweli, nilimtazama, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwatazama watu wanaosema, hakuwa anadanganya, na mama yangu akashusha pumzi kama mtu aliyepokewa mzigo kichwani, "Basi, kama ni Shetani, tumlaani Shetani, tusimlaani mtoto wa watu," na mjomba akasema, "Ndoa si kandambili, eti imekatika unatupa," na wote wakanigeukia mimi kwa sababu ni mimi niliye na ile sauti kwenye simu, na tangu hapo najiuliza, mtu mkweli anawezaje kusikia kitu kisichokuwemo, au kilikuwemo, au mimi ndiye nisiyesikia, mimi niliyemtengeneza kwa mikono yangu mara nyingi mpaka nikadhani hawezi kuwepo pasipo mimi...

Mama yangu huyu huyu, zamani, mdogo wangu akiwa na meno ya mbele yameng'oka yote, kopo la maziwa ya unga lilipungua kabatini, mama akatusimamisha, "Nani?" na mdogo wangu akajibu bila kupepesa, "Shetani, mama," na mama hakumpiga, alimshika mkono taratibu akausogeza dirishani penye mwanga, akageuza kidole kimoja kimoja, vyeupe vyote mpaka kwenye kucha, akasema, "Ajabu, Shetani huyu ana vidole vya mwanangu," tukacheka mpaka tukakaa chini, naye akacheka, alikuwa anajua kutazama vidole mama yangu, alikuwa hadanganyiki kabisa, na leo ameandika si yeye ni Shetani, hakuuliza vidole vya shemeji vikoje, mimi niliviona kabla hajakamatwa, ngozi imechubuka kwenye vifundo, ameshavipaka dawa... "Fundi! Unaota?" sioti bosi, naweka sawa, taa, Pipa, "Mimi sina mikono, nilinong'ona tu, mikono ni yenu," safi, lakini honi ya lori nje imeingia katikati, mtayarishaji anatukana kwa adabu, rudia.

Kwenye kompyuta yangu, chini ya mchezo, kuna mafaili mawili, moja nimeliita ya mwanzo, jingine nimeliita safi, jana mpelelezi aliponiambia nitumie kama ilivyo nilisema sawa, halafu nikaketi hapa nikaisafisha, sikufikiria, nyuma ya maneno kulikuwa na muungurumo, kama wa friji au wa gari lililosimama nje likisubiri geti, na fundi mitambo akisikia muungurumo mkono unauendea kama mama anavyofuta kamasi za mtoto hata asiye wake, nikaupunguza mpaka ukaisha, maneno yakabaki yamesimama peke yake, Njoo hapa, nimesema njoo hapa, na mdogo wangu, na vishindo, yote yanasikika vizuri, kazi nzuri, nilijisikia nikisema moyoni kazi nzuri, na faili hilo safi ndilo lililokaa tayari kwa kutumwa tangu jana na sijalituma... kisha nikaenda wodini, juu ya dirisha nesi alikuwa ameweka redio ndogo, ilikuwa inarudia kipindi chetu cha Jumatano, na mdogo wangu, ambaye hakosi mchezo hata mmoja, ambaye kila ukiisha hunipigia kunichambua, "Shetani wenu anakohoa kama babu aliyekula pilipili, mkampe dawa," aliinua mkono kutoka kwenye shuka akazungusha vidole hewani, kama mtu anayefunga bomba, nesi akamwuliza, "Nizime?" akafumba macho ndiyo, nesi akazima, nami nikasema, "Kichwa kinamuuma," nikamfunika vizuri, nikamwuliza karibu na sikio, "Nimpe afande ile sauti?" akanitazama tu, mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe wake na chupa ya uji, akanitazama halafu akamtazama yeye, halafu redio, halafu mimi, na mimi sikuelewa kitu, niliokota kijiko kilichoanguka nikakisuuza.

"Mimi sina mikono," anasema Pipa, na koo linamkaba, na anakohoa, anakohoa ndani ya kipaza sauti kabla hajawahi kugeuka, na kikohozi kinapita kwenye mitambo yangu na kunifikia kikiwa kizito, kinatoka chini, na nyuma yake kikohozi kile kile tena, kimechelewa kidogo, kikohozi na kivuli chake... na mkono wangu umesimama. "Tukiache kama Jumatano?" anauliza mtayarishaji, maana Jumatano alikohoa vile vile na tukakiacha, bosi mwenyewe alisema acheni, Shetani naye ana mapafu, kikaenda hewani, "Hapana," nasikia nikisema, "arudie," kisha naomba dakika mbili, nasema kuna waya umelegea, na mtayarishaji anamwambia Pipa anywe maji, na mimi navaa hedifoni vizuri masikio yote mawili, kitu ambacho jana sikufanya kwa faili la mwanzo, jana nilisikiliza maneno tu... nafungua ya mwanzo, siyo safi, ya mwanzo, pasi, uraia, mashati kama ramani, mlango, unaongea na nani, na muungurumo upo tangu mwanzo, mdogo, wa mbali, kupitia ukuta, simu inaangukia godoro, njoo hapa, kishindo cha kwanza, mdogo wangu anapiga ukelele mmoja, na hapo, mara tu baada ya ukelele, muungurumo unapanda, haupandi polepole kama gari linalosogea, unapanda kwa mara moja, unasita, unapanda tena, na ndani yake kuna kikohozi, kikohozi na kivuli chake, na hakuna mtu duniani anayekohoa na kivuli, yupo mmoja, yuko nyuma ya kioo anakunywa maji kwenye kikombe cha plastiki.

Jumatano jioni, saa moja na nusu, mchezo wetu ulikuwa hewani, redio ilikuwa sebuleni kwao, basi alikuwemo, mama mkwe hakudanganya, Shetani alikuwa ananguruma ndani ya nyumba ile na haikuwa sauti ya mwanawe, kweli tupu, angeapishwa angeapa na asingekuwa na kosa... twende taratibu, labda mlango ulifunguliwa na sauti ikaingia zaidi, hapana, mlango ungefunguliwa sauti ya shemeji nayo ingebadilika, chumba kingesikika kikubwa zaidi, haikubadilika, feni ya chumbani kwao inasikika ikizunguka vile vile, kilichopanda ni redio peke yake, na redio haijiongezi, mdogo wangu alikuwa chumbani, shemeji alikuwa chumbani, anasikika anaongea na kupumua muda wote huo, hakutoka, na sebuleni alikuwa nani, alisema mwenyewe mbele ya wajomba bila kuulizwa, mimi nilikuwa sebuleni... naurudisha nyuma, nasikiliza tena, ukelele, halafu muda kidogo, muda wa mtu kuinuka kwenye kochi na kufika kwenye redio, halafu unapanda, unasita, kama vidole vilivyofikiri, halafu unapanda tena, na mdogo wangu kule chumbani alisikia, ndiyo maana, alimsikia Shetani kupitia ukuta, alisubiri mlango ugongwe, badala yake Shetani akaongezwa sauti, akaelewa kwamba hakuna anayekuja... na vidole vyake wodini vilivyokuwa vinazunguka hewani havikuwa vinazima kitu, au vilikuwa vinazima na pia vinanionyesha, zungusha, hivi, dada, hivi, na mimi wa mitambo, mwenye masikio ya kulipwa, nikasema kichwa kinamuuma, na kabla ya hapo jana nikakaa hapa nikaondoa redio kwenye rekodi kwa ufundi wangu mwenyewe, nikaita safi, ningetuma ile, mama mkwe angebaki na Shetani wake na mimi ningebaki sina cha kumjibu, tena wangeniuliza kwa nini umeichezea.

Sijui mama mkwe alifikiri nini mkono wake ulipokuwa kwenye redio, huenda aliogopa majirani, huenda hakutaka kusikia, huenda alisikia kile alichokihitaji na sasa anakiamini kwelikweli na analia machozi yake mwenyewe, hilo siwezi kulithibitisha, na kama yupo mwingine, mkubwa, wa zamani, anayenong'ona ndani ya watu bila kipaza sauti, siwezi kulithibitisha pia, sina mashahidi, Pipa anasema yupo na bosi anasema hayupo na wote wawili hawakuwa pale, ninachoweza kusema ni kwamba kwenye rekodi nimewahesabu waliopo, mdogo wangu, mumewe, mtu mmoja sebuleni, na huyu wa redio, na huyu wa redio tulimtengeneza sisi watatu humu ndani mlango umefungwa, tukiwa tunagombania feni... nangoja nisikie hasira, haiji, nangoja nilie, hakuna, ila mkono wangu umenyanyuka kwenye meza na safari hii najua ni mimi ninayeunyanyua, ni mzito, nausikia uzito wake mpaka begani, nageuza simu, ujumbe wa mama bado upo pale, Jibu, naupita, nafungua jina la mpelelezi, nachagua faili la mwanzo, nalisoma jina lake tena kuhakikisha, chini yake naandika, Afande, hii ni kama ilivyo, sikiliza nyuma ya maneno, baada ya ukelele wa kwanza kuna mtu anaongeza redio, sebuleni alikuwepo mtu mmoja tu na amekiri kuwepo mbele ya watu, nikihitajika kueleza nitakuja, na natuma, kiduara kinazunguka kwenye kioo cha simu, mtandao wa jengo hili, kinazunguka, "Fundi, huo waya vipi?" umekaa bosi, "Basi twende, jamani, nina watoto wa kuchukua shule," Pipa anaweka kikombe chini, anatoa peremende mdomoni safari hii, anaifunga kwenye karatasi na kuitia mfukoni kama mtu anayeweka akiba, ananionyesha dole gumba kupitia kioo, namrudishia dole gumba, chai bado ina utando, taa nyekundu inawaka, "Mimi sina mikono," anasema, na simu inatetemeka mezani, neno moja kutoka kwa mpelelezi, Imefika.

Saa nane na dakika thelathini na nne, rekodi ya mwanzo, isiyosafishwa, imepokelewa.